Mapigo Mawili Niliyoyakata Malaba

Nyinyi mnaofuta kosa kwa kubonyeza kidole, kaeni hapa niwaambie kosa lilikuwa na uzito gani zamani zetu. Mimi nilikuwa karani wa taipu pale Malaba, katika kampuni ndogo ya kupitisha mizigo forodhani, ofisi ya mabati yenye dirisha moja. Kama kulikuwa na mtu kati ya Busia na Malaba aliyepiga taipu kunishinda miaka ile ya sabini, basi sikuwahi kukutana naye. Nasema hivyo bila haya. Mtu aliyefanya kazi moja mpaka nywele zikawa nyeupe ana haki ya kujisifu kidogo.

Kwanza mjue stensili. Stensili ilikuwa karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipu ili herufi zigonge ile nta zenyewe na kuitoboa. Halafu unaivalisha kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono wa mashine, nakala zinatoka moja baada ya nyingine. Ukigonga herufi o kwa hasira inakatika katikati, na kila nakala inatoka na doa jeusi. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unangoja ikauke, ndipo unagonga tena. Kila asubuhi unasugua herufi zako kwa mswaki mkuukuu. Najua haya yote hamtayahitaji, lakini nimeyabeba miaka mingi na sina pengine pa kuyatua.

Aliyenifundisha ni Bi. Rasoa, mama wa kwetu Khunyangu. Alikuwa akitufunika mikono kwa leso ili tusiangalie herufi. Alikuwa pia na rula ya mbao, na hakumpiga mtu nayo hata siku moja. Aliilaza juu ya karatasi yako, na kama safu ya tarakimu imepinda hata upana wa uzi, aliichana karatasi nzima mbele ya macho yako.

"Nafula," alikuwa akiniambia, "watu wa forodha hawasomi. Wanaangalia. Ikinyooka, wanapiga muhuri."

Na alisema kweli. Siku moja nilichanganya makaratasi, lori la samaki wakavu kutoka Port Victoria nikaliandika kuwa limebeba vioo vya madirisha. Safu zilikuwa zimenyooka vizuri sana. Zilipigwa mihuri mitatu kabla askari mmoja hajasimama nyuma ya lile lori, akavuta pumzi, akauliza, "Hii vioo mbona inanuka?" Bosi wangu alinifokea mpaka akakauka koo. Lakini hata yeye alipokuwa akifoka alikuwa ameishika ile karatasi kwa heshima, maana ilikuwa nadhifu.

Nimewaambia hayo ili mwelewe ugonjwa niliokuwa nao. Kitu kilichopinda kilikuwa kinaniwasha. Nilikuwa nanyoosha mpaka mikeka ya wenyewe nikiwa mgeni.

Sasa, miaka ile mpaka ulikuwa ukifungwa na kufunguliwa hovyo. Serikali ya ng'ambo ikiamka vibaya, kizuizi kinashuka, na malori yanapanga foleni kutoka mtoni mpaka huko juu usikoweza kuona. Madereva na matanboi wao, wale vijana wasaidizi wa lori, walitoka kila pembe ya Kenya, Wakamba, Wakikuyu, Waswahili wa Mombasa, wote wanapika ugali kando ya magurudumu na kucheza karata. Mara moja mpaka ulipofungwa kwa muda mrefu hivyo, ndipo alipoingia ofisini kwetu Mwalimu Opolot.

Alikuwa Mteso wa upande wa pili, mwembamba, ana shati moja la heshima analolifua kila jioni. Alikuwa akifundisha muziki huko kwao. Mambo yalipoharibika alivuka peke yake, akajibanza kwa dada yake huko Adungosi, na mkewe Akiror akabaki ng'ambo na watoto wawili kungoja apate kazi na mahali pa kulala. Kazi ilikuwepo. Sekondari moja ya upande wetu ilikuwa inatafuta mwalimu wa muziki. Tatizo ni kwamba vyeti vyake vyote vilibaki ng'ambo, na afisa wa elimu alimwambia wazi kwamba hawezi kumwandika mtu asiyejulikana ametoka wapi. Opolot alimwomba jambo moja: "Njoo usikie nikifundisha. Nipe mwezi mmoja nitengeneze kwaya, uje usikie." Afisa alikubali, nafikiri ili amwondoe mlangoni.

Alikuja kwangu na daftari nne za shule, zimefungwa kwa uzi.

"Dada," akasema, "nasikia wewe unapiga taipu sawasawa. Mimi niko na opera."

Nilidhani ni ugonjwa. Akacheka, akanieleza. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawaongei, wanaimba tu kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata kama wanaombana chumvi. Hii yake ilitungwa Ulaya, zaidi ya miaka mia nyuma, ikaimbwa mara chache, watu wakaichoka kabla hawajaielewa, ikasahaulika. Padri mmoja mzee alikuja na kitabu chake huku kwetu, akakiacha katika stoo ya shule aliyofundisha Opolot. Opolot alikikuta kimewekwa chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Akakitoa, akakipangusa vumbi, akaanza kukisoma kidogo kidogo. Kwa mwaka mzima alikuwa akinakili fungu la mwisho kwa solfa, ile do re mi ya herufi tunayoimbia kanisani, sauti moja daftari moja: wanawake sauti ya kwanza, wanawake sauti ya pili, wanaume wa juu, wanaume wa chini.

"Na kitabu chenyewe?" nikamuuliza.

"Askari walininyang'anya pale kizuizini. Waliona nukta zile za muziki, wakasema ni siri za jeshi." Akazigonga zile daftari kwa kidole. "Hizi waliona ni za mtoto wa shule. Ndiyo imebaki tu hivi. Labda duniani kote ndiyo imebaki tu hivi."

Hadithi yake ni ya kale sana, ya enzi za wafalme waliopigana wakiwa wamevaa chuma. Wafalme wawili ndugu wametenganishwa na mto. Wanagombana, wanafunga kivuko. Kuna mwanamke mvushaji anayekataa, anaendelea kuvusha watu kwa mtumbwi wake, mpaka wafalme wanauchoma moto. Basi anaingia majini kwa miguu, amebeba mtoto wa mtu mgongoni. Ukungu unashuka, haoni mbele wala nyuma. Watu waliosimama kwenye kingo mbili wanaanza kumwita ili asipotee, na kuita huko ndiko kwaya ya mwisho.

Ninyi mnaweza kucheka. Mimi nilisimuliwa haya nikiwa nimekaa hatua mia mbili kutoka mtoni, kizuizi kimeshuka, na mke wa anayenisimulia yuko ng'ambo. Sikucheka. Nilimwambia alete daftari.

Bosi aliniruhusu kutumia mashine baada ya kazi. Nilifurahia kazi hiyo kuliko yote niliyowahi kuifanya. Solfa ni kama imetengenezewa taipu: herufi ndogo, nukta mbili za kutenganisha mapigo, mstari wa wima wa kufunga kila kipimo. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa kwanza kuziweka zile sauti nne kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine. Na nilipofika kwaya ya mwisho, nikaona kitu kilichopinda. Daftari mbili za wanaume zilianza na nafasi tupu, mapigo mawili hayana kitu. Ukizipanga chini ya zile za wanawake, kila mstari wa wanaume unasogea kulia, na mwishoni unaning'inia nje ya ukingo.

Nikasema moyoni, maskini mwalimu huyu alikuwa akiandikia gizani, juu ya goti. Nikamsaidia. Niliyakata yale mapigo mawili, nikasogeza kila kitu kikakaa chini ya mwenzake, kurasa nne nzima. Bi. Rasoa angeweka rula yake pale angelia kwa furaha.

Waimbaji wanawake walikuwa wa kanisani na wa sokoni, na mvushaji mwenyewe aliimbwa na mama mmoja muuza samaki wa Port Victoria mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Wanaume hatukuwa nao. Opolot alienda kwenye foleni ya malori, akatembea lori kwa lori akiuliza nani anaimba. Wa kwanza kushuka alikuwa Mutua, dereva Mkamba, mtu mpana mwenye sauti inayotoka chini ya ardhi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimechoka na karata. Nipe hiyo maneno niimbe."

Baada yake wakashuka wengine kumi. Kila alasiri tulikutana kwenye kiwanja cha shule ya msingi kando ya barabara, kila mtu na karatasi zangu mkononi. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri. Kwaya ya mwisho Opolot aliiacha mpaka siku mbili kabla ya afisa kufika, kama mtu anayejiwekea kipande cha nyama pembeni ya sahani.

Ikaimbwa. Wote waliingia pamoja, wakatembea pamoja, wakamaliza pamoja. Ilikuwa kama wimbo wa gwaride. Hakuna aliyekosea hata noti moja, na hakuna kilichotokea.

Opolot aliwaambia warudie. Wakarudia. Akasimama pale na mikono yake hewani, halafu akaishusha, akaketi kwenye nyasi na lile shati lake la heshima.

"Basi watu wa kule hawakuwa wajinga," akasema polepole. "Waliisikia, wakaiacha. Mimi ndiye mjinga niliyeiokota." Kisha akasema kitu ambacho nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe. "Kingo mbili zinaita pamoja, neno moja, saa moja. Sasa huyu mama ndani ya ukungu atajuaje aende wapi?"

Alituambia twende nyumbani, kwamba kesho atapeleka ujumbe afisa asije.

Sikwenda nyumbani. Lile swali lake halikuniacha. Nilirudi ofisini, jua lilikuwa bado halijazama, nikafungua droo, nikazitoa daftari nne na kuzipanga mezani zikiwa wazi. Nikaanza kusoma kwa kidole, pigo kwa pigo, jinsi zilivyoandikwa. Wanawake wanaita. Mapigo mawili. Wanaume wanaita. Wanawake wanaita tena, na wanaume wanawajibu. Ukingo huu, kisha ule, na yule mama katikati anasikiliza, anajua maji yake yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Zile nafasi tupu hazikuwa uchafu wa mtu anayeandikia gotini. Ndizo zilizokuwa wimbo wenyewe, na mimi nilizifagia.

Nitawaambia ukweli, kwa sababu nimezeeka na sina cha kuficha. Jambo la kwanza nililofikiria ni kunyamaza. Daftari ziko kwenye droo yangu. Kitabu kiko mikononi mwa askari. Mwalimu mwenyewe ameshaamini kosa ni la mtunzi aliyekufa zamani. Hakuna mtu angejua, na Nafula angebaki karani asiyekosea. Niliona aibu hata kukaa peke yangu na wazo hilo. Nilichukua daftari, nikapanda baiskeli ya bosi bila kuomba, nikaenda Adungosi.

Nilimkuta akifua shati. Nilizungumza nikiwa bado nimeshika baiskeli.

"Mwalimu, opera yako haina shida. Shida ni mimi. Nilikata mapigo ya wanaume kwa sababu yalikuwa yanaharibu ukingo wa karatasi yangu."

Alizichukua daftari, akasoma akiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Na mimi sikusoma," akasema mwishowe. "Niliona imepigwa taipu, nikaamini. Mwaka mzima nilinakili moja moja, kama mtu anayehamisha matofali. Nyumba yenyewe sijawahi kuiona." Akanitazama. "Piga tena, dada."

"Stensili zimekwisha. Za kampuni zinatoka Kisumu wiki ijayo."

Kesho yake nilisimama mbele ya kwaya nzima nikarudia maneno yale yale, na niseme wazi kwamba hiyo ndiyo ilikuwa taipu ngumu kuliko zote. Mama muuza samaki alisonya. Wengine walianza kunung'unika kwamba wamekwisha kuzoea vile, na afisa anakuja kesho. Ndipo Mutua akacheka.

"Nyinyi mnasumbuka na nini? Kuimba haibadiliki, sindio? Ni kungoja tu. Na kungoja ndio kazi yetu hapa Malaba! Wiki tatu tumengoja hii gate ifunguliwe. Sasa mapigo mbili ni kitu gani?"

Opolot aliwapeleka wanaume mwisho wa kiwanja, karibu na barabara, wanawake upande wa darasa. Mama mvushaji akasimama katikati. Wanawake wakaita. Mutua akahesabu kwa kidole gumba, moja, mbili, na wanaume wakaita.

Sina maneno mazuri ya kuwapa hapa. Nilikuwa nimesimama karibu na yule mama, na niliisikia sauti ikinipita kwenda na ikinipita kurudi. Nililia mbele za watu, na sikujali. Opolot hakulia. Alikuwa anacheka kimyakimya, mikono hewani, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Afisa wa elimu alikuja Jumamosi saa tisa alasiri, mzee wa suti ya kahawia, mwalimu wa zamani wa kanisa anayesoma solfa kama gazeti. Nilimpa karatasi. Nusu ya Malaba ilikuwa imejaa kiwanjani. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka kwaya ya mwisho, na hapo, msiniulize Mungu alikuwa anatutania kwa nini, honi zikaanza kulia barabarani. Kizuizi kilikuwa kimeinuliwa. Injini zinawaka, watu wanapiga kelele, "Imefunguka! Imefunguka!"

Nilimtazama Mutua. Lori lake lilikuwa la nne kwenye foleni, na tanboi wake alikuwa anampungia mikono kama kichaa. Wanaume watatu waliweka karatasi chini wakakimbia, wala sikuwalaumu hata kidogo. Mutua aligeuka, akalitazama lori lake, akageuka tena akamtazama mwalimu. Akahesabu kwa kidole gumba. Akaita. Waliobaki wakaita naye, juu ya zile honi, na ng'ambo ya kiwanja wanawake wakapandisha sauti ili wasipotezwe. Yule mama akatembea kati yao mpaka akafika.

Watu walipotulia, afisa alikuwa bado anatazama karatasi yangu.

"Mwalimu," akasema, "karatasi inasema waingie pamoja. Hawakuingia pamoja."

Nilisimama kabla Opolot hajafungua kinywa. "Karatasi ndiyo imekosa, mzee. Niliipiga mimi."

"Na wewe mwalimu uliwaambia nini?"

"Niliwaambia wangoje," akasema Opolot.

Afisa aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Vyeti vyako viko wapi tena?"

"Vilibaki ng'ambo, mzee."

"Hapana," akasema afisa. "Nimevisikia sasa hivi." Akanigeukia. "Taipu yako iko wapi?"

Tulikwenda ofisini watatu. Alinisomea maneno, mistari minne tu: fulani ni mwalimu, ameonekana akifundisha, aanze kazi ya muziki mara moja, apewe chumba. Opolot aliniomba niweke kaboni, nakala iende kwa mkewe. Tulikimbia nayo mpaka kwenye foleni, Mutua alikuwa amebakiza lori moja mbele yake. Alimsikiliza Opolot akimweleza nyumba ilipo, akaitia karatasi ndani ya kofia yake, akavuka.

Alirudi baada ya siku tisa. Nilisikia honi nje ya ofisi, nikatoka. Mlango wa lori ulifunguliwa, wakashuka watoto wawili wamevaa nguo juu ya nguo, na nyuma yao mwanamke mrefu, ameshika ile nakala ya kaboni iliyokunjwa mpaka ikaanza kukatika. Aliniambia kwamba amekuja nayo njia yote bila kuamini, kwa sababu siku hizo barua za uongo za kuwatoa watu majumbani zilikuwa nyingi. Akaninyooshea. Kidole chake kilikuwa kwenye jina la mumewe.

"Dada, nisaidie. Hii ni kweli?"

"Ni kweli, mama," nikamwambia. "Niliipiga mimi."